Mlicheka Nikienda Kumzika Soja

Jumatatu moja ya Juni nilitoka kwa geti ya ploti yetu hapa Githurai nikiwa na gunia begani. Gunia la mchele, lile la kilo 50, nililonunua kwa duka la nafaka kwa shilingi 30. Ndani alikuwa Soja. Ilikuwa siku ya maji, kwa hivyo ploti nzima ilikuwa nje na mitungi, na mtu akaniuliza nimebeba nini asubuhi hivyo. Nikasema ukweli. Kukawa kimya kidogo, halafu mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, hata watoto ambao Jumamosi tu walikuwa wanampanda mgongoni.

"Unaenda kuzika? Tufungue grupu ya WhatsApp tuchange?"

Keretaka akanivuta kando, akanishauri kama mzazi. Vijana wa mkokoteni wa taka huchukua mzoga kwa 200. Kwa nini nijisumbue? "Na usiweke hiyo sura, bana. Ni mbwa tu."

Sina ugomvi na keretaka. Ni mtu mzuri, amewahi kuninunulia tokeni za stima mara mbili bila kuniuliza nitalipa lini. Ningemwacha na maneno yake kama yangekuwa yake peke yake. Lakini jioni hiyo rafiki yangu wa tangu shule ya msingi aliniambia nimekuwa mzungu. Na mamangu, niliyempigia Mwingi nikitaka tu kusikia sauti, alisema pole, ikatoka moyoni kabisa, kisha akateremsha sauti: "Lakini usiwaambie watu."

Usiwaambie watu. Kama nimeshikwa nikiiba. Basi nawaambia watu.

Soja hakuwa mbwa wa kununuliwa. Alitokea tu, miaka minne iliyopita, msimu ule ule mimi niliporudi mtaani na begi moja baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imenishinda, na sitaki kuirudia hiyo hadithi, kila mtu wa rika langu anayo yake. Alikuwa kibwana kidogo cha rangi ya mchanga, sikio moja limeanguka. Watoto wa ploti walimpa jina Soja kwa sababu ploti yetu haina soja, landilodi alikataa kuajiri mtu. Akalala ngazini. Kila mlango ulimpa kitu: hapa ugali uliokauka, pale vichwa vya omena, kwa buchari mifupa ya bure siku ikiwa nzuri. Kwa hivyo kisheria, kama kuna sheria ya vitu hivi, hakuwa wangu. Alikuwa wa ploti.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa macho usiku. Natafuta riziki kwa kuandika, na kuandika kwenyewe, kabla mhariri wa hapa hajaanza kunilipa kidogo, kulikuwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Najua, najua. Mtu ambaye hakumaliza shahada yake anawasaidia wengine kumaliza zao. Kazi hiyo hufanywa usiku kwa sababu kwao ni mchana. Saa nane, saa tisa, ploti imezima, mimi na laptopu yangu yenye feni inayolia kama posho mili, na mlango nimeuacha wazi kidogo joto litoke. Soja aligundua mwanga. Wiki ya kwanza alikaa nje ya kizingiti. Wiki ya pili kichwa kilikuwa ndani, mwili nje, kama mtu aliyesoma notisi ya kuhama na kuamua kuitii nusu. Mwezi wa pili alikuwa analala juu ya miguu yangu.

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyekaa na mimi masaa mengi hivyo ile miaka. Hapana, najua. Hakuna. Marafiki wa chuo waliendelea na chuo. Msichana niliyekuwa naye aliendelea na mtu mwenye kazi. Kuna usiku ambao nilifikiria mambo ambayo sitayaandika hapa, na kilichonizuia kusimama na kutoka nje hakikuwa mahubiri wala namba ya simu ya ushauri. Kilikuwa kilo 15 za mbwa zimelala juu ya miguu yangu, na mimi nikiona haya kumwamsha.

Sasa niambie tena ni mbwa tu.

Wanaosema hivyo si wagumu wa moyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wote wanaelewa. Nimekaa kwa kibanda cha muvi hapa stage, watu thelathini kwenye benchi za mbao, tukitazama John Wick. Hadithi yenyewe inajulikana: mke wa mtu amekufa akamwachia mtoto wa mbwa, vijana wakaingia kwake usiku wakamuua huyo mbwa, na Keanu Reeves akaanza kuangusha watu kama mahindi wakati wa kuvuna. Hakuna hata mmoja kwenye zile benchi aliyesimama akasema, "Lakini msee, si ni mbwa tu?" Walipiga makofi. Kila mwili ulioanguka walisema afadhali. Na filamu ya Hachi je? Yule mbwa wa Japani kweli alikuwepo, Hachikō. Profesa Ueno, aliyekuwa akimngojea kwenye stesheni ya Shibuya, alifariki mwaka wa 1925, na mbwa akaendelea kwenda kumngojea hadi alipokufa mwenyewe 1935. Nimeona mwanamume wa kubeba mizigo Gikomba akifuta macho na kofia kwa sababu ya hiyo filamu.

Kwa hivyo machozi tunayo. Tunayalipia shilingi 20 kwa benchi. Kinachokatazwa ni kuyatoa hapa, kwa mbwa wa hapa, asiye na pasipoti.

Turudi kwa rafiki yangu na uzungu wake. Ati kupenda mbwa ni mambo ya Karen na Muthaiga, sisi Waafrika mbwa wetu ni wa kazi. Ningependa kumtambulisha kwa babu yangu, lakini babu hayupo. Babu alichunga mbuzi Mwingi na mbwa aliyeitwa Simba, ambaye alikufa akafuatwa na mwingine aliyeitwa Simba, na baada yake Simba. Sijawahi kumsikia babu akisema anampenda Simba yeyote. Sijawahi kumsikia akisema anampenda nyanya pia. Lakini akiketi kula, kipande cha kwanza cha ugali hakikuenda mdomoni mwake. Kilirushwa kando, bila kutazama, na kabla hakijafika chini kilikuwa kimedakwa. Simba wa pili alipokufa kwa kuumwa na nyoka, babu alichimba shimo chini ya mgunga na mchana kutwa hakusema neno. Hakuna mtu aliyemwita mzungu. Waliheshimu tu, wakampelekea uji kule kule.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Huwezi kutunga methali hiyo kama hujawahi kutembea msituni na mbwa ukajua kwamba wewe na yeye mnafanana. Uzungu unaingilia wapi hapo? Uzungu labda ni ule wa ukuta na geti na kibao. Na kibao hicho mnakijua. MBWA KALI. Sidhani kuna sentensi ya Kiswahili inayosomwa zaidi Nairobi, na imekosewa sarufi. Ni mbwa mkali, mwalimu wangu wa darasa la sita angelia. Tunasema mbwa kali kama tunavyosema pilipili kali, kwa sababu kwenye kibao kile mbwa ni kifaa cha geti, pamoja na seng'enge na kufuli.

Lakini kuna kosa lingine tunalolifanya, na hilo nalipenda. Huku mtaani tunasema "mbwa yangu". Kitabu kinasema mbwa wangu. Mwalimu aliipigia mstari mwekundu, na mimi nikaisahihisha kwa miaka. Sasa hebu angalia Kiswahili hicho hicho sanifu kinasemaje juu ya watu wetu: mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Wengi walio karibu nasi hupewa "yangu". Mnyama ndiye huambiwa "wangu". Kwa hivyo mtoto wa Githurai akisema mbwa yangu, ameanguka mtihani na bila kujua amemtoa mbwa zizini akamweka kwenye kochi, kati ya rafiki na ndugu. Kuanzia hapa nitaandika mbwa yangu. Mhariri akisahihisha nitarudisha.

Na kwa wale wanaotaka mbwa athibitishe thamani yake kwanza, ushahidi upo, na ni wa hapa hapa Nairobi. Mei 2005, karibu na msitu wa Ngong, mbwa jike aliyekuwa na watoto wake alimkuta mtoto mchanga wa binadamu ametupwa, yuko ndani ya mfuko wa plastiki. Alimburuta, akavuka naye barabara ya magari, akapita ua wa seng'enge, akamlaza kwa kibanda pamoja na watoto wake mwenyewe. Watu wakasikia kilio. Mtoto akapelekwa Hospitali ya Kenyatta akiwa hai, na habari ikazunguka dunia nzima. Yule mbwa akapewa jina Mkombozi. Huyo mtoto leo, popote alipo, ni mtu mzima wa kuchukua kitambulisho. Mtu alimtupa. Mbwa akamwokota. Halafu tukimtafutia mwenzetu tusi baya kuliko yote, tunamwita nani?

Najua jibu la wengine: kichaa. Na hapo sitabishana, kichaa cha mbwa si mzaha. Dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona, na karibu kila binadamu anayekufa kwa ugonjwa huo aliupata kwa kuumwa na mbwa. Kati yao wamo watoto wengi. Mzazi akimwogopa mbwa asiyemjua, ana haki. Lakini dawa inajulikana. Mwaka wa 2014 serikali yetu ilizindua mkakati wa kuumaliza huo ugonjwa kufikia 2030, na msingi wake ni chanjo: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa pa kupitia. Soja alikuwa amechanjwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa chanjo ya bure, na kamba ya kuanikia nguo shingoni, tukapiga foleni saa mbili kati ya mbuzi wa mtu na paka aliyefungwa ndani ya kiondo. Tukapewa cheti. Jina la mbwa: Soja. Jina la mwenye mbwa: langu. Ni cheti pekee nilichopata tangu niache chuo.

Ndiyo maana siwezi kuisamehe sumu. Ukimuua mbwa aliyechanjwa, umeondoa kinga, na nafasi aliyoiacha, na mabaki aliyokuwa anakula, vitajazwa na mbwa mwingine ambaye hamjui katoka wapi. Anayetupa nyama yenye sumu usiku ati anasafisha mtaa, anauchafua. Na kama anatupa kwa sababu ana mpango na milango yetu, basi tunajua yeye ni nani.

Nyama ilitupwa Jumapili usiku. Saa tisa hivi nilisikia kucha zikikwaruza kwa mlango, si kwa namna yake. Nilipofungua alikuwa anatetemeka mwili mzima, mate yanachuruzika, miguu ya nyuma imekakamaa. Alijaribu kuingia kama kawaida. Akaanguka kwenye kizingiti, kichwa ndani, mwili nje.

Hapa sasa ndipo nataka mnicheke vizuri. Nilipata namba ya daktari wa mifugo kwenye mtandao, na akashika simu, saa tisa usiku, Mungu ambariki. Akasema kumtoa usiku ni 3,500, nitume nusu ndipo awashe pikipiki. Nilikuwa na 640. Fuliza ilikuwa imejaa. Kodi ilikuwa inadaiwa tangu tarehe 5. Ningeweza kugonga milango kumi na nane ya ploti, nikaomba 200 kila mlango, kwa ajili ya mbwa aliyekuwa akiwalinda wote. Nilisimama kwa korido nikahesabu milango. Na sikugonga. Niliona aibu. Nilijua kabisa nitakachoambiwa, yale maneno mawili matatu, na nikashindwa kuyakabili saa hiyo. Nikampa maziwa, kwa sababu nyanya alikuwa akisema maziwa hukata sumu. Hayakukata kitu. Ilichukua kama dakika arobaini.

Kwa hivyo msiniambie ni maneno tu. Yale maneno yalinizuia kugonga. Labda daktari angechelewa, labda Soja angekufa tu, sijui. Lakini nilimwacha afe kimyakimya ili ploti isinicheke, na asubuhi ploti ikacheka bado.

Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia mwanafunzi mmoja wa Ohio insha ya kurasa nane juu ya watu wanaofiwa na wanyama wao. Dola 18. Huko, niligundua, jambo hili lina vitabu. Mwaka wa 1989 mtaalamu aitwaye Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui: umefiwa, lakini hakuna anayekupa ruhusa ya kulia, hakuna likizo, hakuna chakula kinacholetwa, hakuna pole. Alisema huzuni ya namna hiyo hubebwa vibaya zaidi kwa sababu hubebwa peke yako. Niliiandika hiyo insha haraka haraka nikicheka chinichini, Soja akiwa juu ya miguu yangu. Nikaona Wamarekani wana shida za kujitafutia.

Sisi tunajua kulia na mtu. Hakuna taifa linalozika kama sisi. Tunachanga, tunakesha, tunakodi tenti na viti, tunapika sufuria ambazo mtu anaweza kuogea. Mtu asiyemjua marehemu hata kwa picha atatoa nauli aende Bondo. Tunajua kabisa kwamba pole haipimwi kwa cheo cha aliyekufa, inapimwa kwa anayelia. Ndiyo maana tunakwenda mazishi ya mlevi aliyesumbua kijiji, kwa sababu ya mama yake. Sikuwa naomba tenti. Nilikuwa naomba mtu mmoja kwenye foleni ya maji aseme pole.

Mmoja alisema. Mama Abdul wa chumba namba tatu, ni wa Lamu, na kwa imani yake mbwa akimgusa kwa mate itabidi ajitwaharishe. Hakuwahi kumgusa Soja hata siku moja. Akimwona kwa ngazi aliinua buibui akapita mbali. Lakini kila asubuhi ya ile miaka minne, mkebe wa Kimbo uliokuwa karibu na tangi ulikuwa na maji, na ni yeye aliyeujaza. Nilikuja kumuuliza siku hiyo. Akaniambia kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua, cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Pole mwanangu," akasema. "Alikuwa na haki yake kwetu." Alisema akiwa mbali na gunia, kama hatua tano. Hakuna aliyekaribia zaidi ya hapo.

Kuhusu kuzika: jaribu kutafuta udongo Githurai. Ploti ni saruji, njia ni saruji au matope ya watu, na kila kipande kilichobaki kina mwenyewe. Mpangaji hana mahali pa kuchimba hata shimo la kupanda kitunguu. Mtu wa Karen mbwa yake akifa ana bustani, ana mtunza bustani, ana mti wa jakaranda. Sisi tuna mkokoteni wa taka na 200. Nilitembea na lile gunia hadi chini mtoni, mabega yananiuma, nikimpita kila mtu anayeenda kazini. Kule kuna mama anayelima sukuma kando ya maji, huwa nanunua kwake. Aliniona nimesimama tu. Akauliza kuna nini, nikamwambia, nikajitayarisha.

Akachukua jembe akanipa. "Chimba pale kwa migomba," akasema. "Lakini chimba sana, kuna wengine watakuja kufukua." Akarudi kupalilia.

Wiki tatu baadaye mitungi saba ya gesi iliibwa ploti usiku mmoja, pamoja na viatu vyote vya ngazini. Asubuhi kila mtu alikuwa anamtaja Soja. Ati angekuwepo hawangeingia. Ati yule mbwa alikuwa mwerevu. Jana keretaka amepita mlango kwa mlango na daftari, kila nyumba itoe 100 wanunue mbwa mwingine, kuna mtu Kahawa anauza vibwana. Nikamuuliza huyo mpya akila nyama ya watu usiku itakuwaje, tutachanga daktari au tutaita mkokoteni. Akanitazama kama mtu anayengoja nimalize mzaha.

Nilimwambia aandike kwenye daftari kwamba nitatoa 300 badala ya 100, lakini kwa hesabu nyingine, ya daktari, na kila mlango utie chochote humo kila mwezi. Ameenda kuuliza wengine. Hajarudi bado.